Kambi ya siku nne mwisho wa kusi: bustani ya Muyeye tuiacheje?

Mstaafu_Muyeye

Salaam aleikum. Sisi ni wastaafu saba, wa miaka 61 hadi 74, hapa Muyeye, Malindi. Tunalima pamoja vitanda vinne, kila kimoja mita 1 kwa 5: mchicha, sukuma wiki, bamia na biringani. Wiki ya pili ya Septemba tunataka kulala nje usiku tatu mfululizo, msitu wa Arabuko-Sokoke na makorongo ya Marafa. Bahari bado ina mawimbi ya kusi, kwa hiyo tunaelekea bara.

Tunaomba ushauri kwa haya:

Udongo wetu ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, maji ya kisima yana chumvi kidogo, na upepo hauachi. Mchicha ukikosa maji siku moja unalala. Jirani anaweza kuja mara moja tu katika siku hizo nne.

Bamia zimeanza kuwa manjano kwenye majani machanga, lakini mishipa ya jani imebaki kijani. Tumeongeza jivu na hali ni ile ile.

Wawili wetu wana presha, mmoja anadunga insulini, na magoti ya wengine hayapendi mteremko. Tuanzie wapi, msituni au Marafa?

Mkulima_Ganda

Waaleikum salaam wazee wangu. Nianze na jivu: acheni leo. Jiwe la matumbawe ni chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi hufunga madini ya chuma, mzizi hauyapati hata kama yamo. Jivu nalo linazidisha ile ile hali ya chokaa. Jani changa kuwa manjano huku mishipa ikiwa kijani ndiyo dalili yenyewe. Tieni samadi iliyooza vizuri, karai moja kwa kila mita mbili za kitanda, na ikiwa duka la pembejeo lina mbolea ya chuma, someni pakiti: kwa udongo wa chokaa tafuteni iliyoandikwa EDDHA, mwagieni shinani kwa kipimo cha pakiti. Aina nyingine nyingi huharibika mapema kwenye udongo kama huo. Msingoje majani yaliyokwisha geuka, angalieni yale yanayochipua upya.

Kabla ya kununua chochote, ng'oeni bamia moja iliyo dhaifu. Mkiona vifundo mizizini, tatizo ni minyoo ya mizizi, ambayo hupenda mchanga na hupenda bamia kuliko mboga nyingi. Bamia wa hivyo hunyauka mchana hata udongo ukiwa na maji. Hapo dawa ya chuma haitasaidia kitu. Ng'oeni pamoja na mizizi, mchome, na pahali hapo msipande bamia, biringani wala nyanya msimu unaofuata.

Sasa maji. Vitanda vinne vya mita 1 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kwa upepo wa sasa hesabuni lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 100. Pipa la lita 200 ni siku mbili kamili. Liwekeni juu ya matofali, kimo cha mita moja, mtoe mipira ya matone, miwili kwa kila kitanda. Mdomo wa pipa ufungwe kitambaa safi na pawe na chujio mbele ya bomba, kwa sababu mchanga na chokaa ndivyo vinavyoziba vitundu. Jaribuni wiki mbili kabla ya safari, si jana yake. Mnyweshe kitanda kimoja, mfukue sentimita 15 baada ya saa moja, muone maji yamefika wapi.

Msioweza mpira, chupa ya lita moja na nusu inafaa kwa biringani na bamia. Toboeni kifuniko kwa sindano, pitisheni uzi wa pamba kwenye tundu, kateni kitako, isimamisheni kichwa chini karibu na shina. Tone moja kila sekunde 6 hivi litaimaliza kwa siku mbili. Ikitoka haraka kuliko hivyo, ongezeni uzi. Kwa mchicha chupa hazifai, mimea ni mingi mno.

Tena matandazo. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kumwagwa maji yake mara mbili (yana chumvi yake mwenyewe), au makuti makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Upande wa kusini wa bustani simamisheni uzio wa makuti wa kimo cha mita moja na nusu, wenye nafasi za kupitisha hewa kidogo. Uzio usiopitisha kabisa hufanya upepo ujipinde na kupiga kitanda kwa nyuma.

Kuhusu chumvi: maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kisimani. Mkiwasha pampu muda mrefu mnaivuta ile ya chini. Tekeni kidogo asubuhi, kidogo jioni. Kipimo cha chumvi kinauzwa. Chini ya 0.7 kwa alama ya dS/m hakuna wasiwasi, kati ya 0.7 na 3 mwagilieni kwa wingi ili maji yashushe chumvi chini ya mizizi, zaidi ya 3 tafuteni maji mengine. Kumwagilia kidogo kidogo kila saa ndiko kunakojaza chumvi juu ya udongo, mkaiona nyeupe kwenye kingo za kitanda. Na msimwagie juu ya majani. Maharagwe, karoti na vitunguu havivumilii chumvi. Spinachi na bitiruti hustahimili vizuri.

Wiki ya safari: msihamishe miche yoyote siku kumi kabla, kwa sababu mche mpya unataka maji kila siku. Jioni ya kuamkia safari kateni mchicha wote kimo cha sentimita 15. Majani yakipungua, kiu hupungua, na mtakaporudi utakuwa unachipua. Bamia chumeni zote, hata ndogo. Likiachwa tunda siku tatu linakuwa kamba, na mmea ukianza kukomaza mbegu hupunguza kuzaa.

Njia_za_Gede

Shikamooni wazee. Nitaongezea jambo moja kwa mpango wa Mkulima, kisha ya kambi.

Arabuko-Sokoke iko kusini-magharibi ya Malindi na Marafa iko kaskazini-magharibi. Njia rahisi ya kutoka moja kwenda nyingine hupita Malindi. Basi laleni msituni usiku wa kwanza na wa pili, siku ya tatu asubuhi pitieni Muyeye, jazeni pipa, kisha vukeni daraja la Sabaki kwenda Marafa. Pipa la siku mbili linawatosha kwenda na linawatosha kurudi. Jirani abaki wa dharura.

Msituni: ripotini kituo cha Gede, kando ya barabara ya Mombasa, mlipe na mchukue mwongozaji. Hili si la kujadili, msitu una ndovu na vichaka vya udongo mwekundu ni vizito kiasi kwamba unaweza kumkaribia mnyama bila kumwona. Kwa magoti ya wazee nawashauri sehemu ya miti ya mirihi, yenye mchanga mweupe. Miti iko mbali mbali, njia ni tambarare na mnaona mbele. Ugumu wake ni mchanga laini unaochosha misuli ya mguu, kwa hiyo hesabuni kilomita 2 kwa saa, si 4. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, mrudi kambini kabla ya saa 4. Asubuhi hiyo tegeni sikio kwenye majani makavu: sange wa msitu huu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, hufukua wadudu mchana na hujenga kiota cha majani chini. Kwa sababu hiyo msifagie majani kambini zaidi ya pale hema linapokaa.

Suruali ndefu, miguu ya suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe. Jioni kaguaneni nyuma ya magoti, kiunoni na makwapani.

Hema: vigingi vifupi havishiki mchangani. Fungeni kamba katikati ya kijiti cha sentimita 30, kizikeni kimelala, kina cha sentimita 30, mshindilie kwa mguu. Turubai la chini lisitokeze nje ya hema hata kidogo, la sivyo likinyesha rasharasha hukusanya maji na kuyapitisha chini yenu. Msitegemee moto wa kuni. Bebeni meko ya gesi ya kilo 6, na pikeni pale tu mtakapoonyeshwa.

Marafa: fikeni mapema, pumzikeni kivulini, mshuke korongoni saa 10 alasiri. Mchana kule chini joto limefungwa na kuta, upepo haufiki. Jua linazama saa 12 na dakika 20 hivi, na rangi za kuta hubadilika nusu saa ya mwisho, basi muda huo muwe mmeshapanda juu. Atakayekaa juu anaona vizuri vile vile, ila akae mita 2 kutoka ukingoni, udongo ule humomonyoka kwa chini na huoni. Ikiwa imenyesha jana yake msishuke, unateleza vibaya. Bakora kila mtu, na kushuka ni kwa upande, mguu wenye goti bovu utangulie.

Muuguzi_Mstaafu

Nina machache, na wenye dawa wamuone daktari wao wiki moja kabla.

Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu saba siku nne ni lita 140, yaani madumu saba ya lita 20. Nusu yachukueni mtakapopita Muyeye. Mwenye presha asiache vidonge vya kukojoza kwa kuogopa kwenda haja usiku. Ahamie karibu na mlango wa hema, aketi dakika moja kabla ya kusimama, na tochi iwe mkononi kabla ya kuinuka. Maji ya chumvi na sukari (lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi) ni ya anayeharisha, si kinywaji cha matembezi, na kwa mwenye presha hasa.

Insulini: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga katikati, loweka mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Dawa iwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Isiguse barafu, ikiganda imeharibika. Akitembea asubuhi sukari itashuka kuliko nyumbani, basi abebe tende au sukari mfukoni mwake, si kwenye begi la mwenzake. Kila jioni miguu yake ikaguliwe. Mchanga ndani ya kiatu hutoa lengelenge asilolihisi.

Vitanda vya kukunja, tafadhali. Kuinuka kutoka chini mara tatu usiku ndiko kunakoharibu safari za umri wetu.

Mstaafu_Muyeye

Ahsanteni sana, hili la kupita Muyeye siku ya tatu hatukuliona. Tumeng'oa bamia mbili, mizizi ni safi, kwa hiyo ni chuma. Mawili tu yamebaki: miche ya vuli tuisie lini, na vidukari vya sukuma wiki tuvifanyeje kabla ya kuondoka?

Mkulima_Ganda

Sieni kitaluni siku moja au mbili kabla ya safari, chini ya kivuli cha makuti, kitalu kimoja kidogo ambacho jirani ataweza kukimwagilia kwa kopo. Mbegu ambayo haijaota haina kiu kubwa. Mkirudi inachomoza, na baada ya wiki nne hivi, yaani katikati ya Oktoba, miche iko tayari kuingoja mvua.

Vidukari: gramu 50 za mbegu za mwarobaini zilizotwangwa kwa lita 1 ya maji, ziache zilowe usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya mche kidogo ishike. Nyunyizeni jioni, chini ya majani, siku tano kabla ya safari na tena jana yake. Jua huivunja nguvu, basi ya asubuhi ni kazi bure. Majani yaliyojikunja yakiwa yamejaa, yakateni muwape mbuzi.