Tupeane uzoefu: bakapu (nakala za akiba) inayojiendesha yenyewe nyumbani, nani imemwokoa na nani imemtosa?

Mwana wa Kigamboni (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Jana diski yangu ya nje imeniandikia imejaa. Ni ya kompyuta ya nyumbani: picha za watoto, hati za kiwanja, na kazi za mke wangu ambaye ni mwalimu. Nataka ijinakili yenyewe kila usiku na ifute yenyewe nakala za zamani, nisiwe naishikashika. Mliokwisha kupita njia hii, mnabakiza nakala ngapi, mnafuta kwa kigezo gani, na yapi yaliwakuta?

Bonde la Msimbazi
Naweka kambi hapa. Yangu imejaa tangu Idi.

Mhazini wa Mtaa
Mleta mada umenigusa penyewe.

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu cha akina mama. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, vyote vilikuwa kwenye Excel, kompyuta ya sebuleni. Kijana mmoja fundi alinitengenezea skripti, yaani amri chache ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe: kila saa tatu usiku inafunga folda ya kikoba kuwa zip (faili moja lililobanwa) yenye tarehe, inaiweka kwenye diski ya nje, kisha inafuta zip zote zilizozidi siku 30. Mistari miwili tu. Wa pili naukumbuka mpaka leo, maana baadaye niliukodolea macho sana:

forfiles /p E:\bakapu /m *.zip /d -30 /c "cmd /c del @path"

Kila usiku dirisha jeusi linatokea, linapotea. Nikiliona nalala kwa amani.

Picha linaanza Desemba. Tumevunja kikoba, tumegawana, katibu akaja nyumbani tukafunga hesabu. Akaongeza mwaka kwenye jina la folda ili mwaka mpya tuanze na folda safi. Kuanzia usiku ule mstari wa kwanza ukawa unatafuta folda isiyokuwepo. Haukunakili kitu na haukusema kitu. Wa pili ukaendelea na kazi yake: leo zip moja inafutwa, kesho inayofuata. Na dirisha jeusi saa tatu lipo pale pale.

Machi diski ya ndani ikaanza kulia, tik, tik, tik, ikafa. Nikampigia katibu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, bakapu ipo. Nikachomeka diski ya nje kwenye laptopu ya mwanangu. Folda ya bakapu ipo. Nafungua, tupu. Nikadhani laptopu haisomi vizuri, nikachomoa, nikachomeka tundu jingine. Tupu. Nilikaa sakafuni. Kesho yake ni kikao, na kuna mwenzetu anasubiri mkopo wa ada ya mtoto.

Bonde la Msimbazi
Aisee. Nguvu zimeniisha huku nasoma.

Pengwini wa Arusha
Pole sana dada. Lakini hayo ndiyo mambo ya Windows. Kwenye Linux unaweka kwenye cron, kipanga ratiba chake, amri ya kufuta vilivyozidi siku 30: find /bakapu -mtime +30 -delete. Umemaliza.

Fundi Nyakato
Mkuu, huo wako ni mstari ule ule uliommaliza mhazini, na una hatari ya ziada. Find hapo inaangalia tarehe faili lilipohaririwa mara ya mwisho, siyo siku uliyolinakili. Na rsync -a, amri ya kunakili, inabakiza tarehe ya asili. Kwa hiyo hati ya kiwanja iliyoskaniwa 2015 ukiinakili leo, find ikipita tu inaiona ina miaka mingi, inaifuta.

Pengwini wa Arusha
Mimi natengeneza tar (faili moja lililokusanya yote) mpya kila usiku, tarehe yake ni ya leo. Uliza kabla ya kushambulia.

Fundi Nyakato
Tar hukuitaja. Kuna mtu ataunakili mstari wako ulivyo, usiku huu huu, halafu Jumamosi aje kulia hapa.

Mama Wawili
Nyie gombaneni. Mimi nataka kujua kikao kiliishaje! Dada Mhazini, rudi.

Mhazini wa Mtaa
Nimerudi. Kilichotuokoa ni vitabu vya hisa ambavyo kila mwanachama anatunza chake, na picha za muhtasari ambazo katibu alikuwa anazirusha kwenye grupu la WhatsApp kila baada ya kikao. Tukajaza jedwali upya mstari kwa mstari. Hisa zilipatikana zote. Kelele zilikuwa kwenye mikopo: wawili walisema wamesharejesha, muhtasari ukasema bado. Mmoja akakubali. Wa pili alijitoa kikobani na mpaka leo hatusalimiani.

Babu Tekno
Huyo wa pili mpeni barua ya mwenyekiti wa mtaa. Deni ni deni.

Mama Wawili
Na hela ya ada?

Mhazini wa Mtaa
Tulichanga papo hapo, mtoto akaenda shule. Kuhusu skripti, sasa mstari wa kufuta uko ndani ya sharti: kama zip ya leo ipo na ukubwa wake si sifuri, futa. La sivyo usiguse chochote, na uniachie ujumbe mwekundu kwenye skrini mpaka niubonyeze.

Fundi Nyakato
Mleta mada, chukua hapo kwa mhazini kabla hujaenda kokote. Kufuta kutegemee nakala mpya iliyopatikana, kusitegemee kalenda. Mimi natumia restic, programu ya bakapu:

restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune

Maana yake bakiza za siku saba, wiki nne, miezi kumi na miwili. Inahesabu siku zenye nakala, haihesabu siku zilizopita. Kunakili kukisimama mwezi mzima, zile za mwisho zinabaki. Na usidharau za miezi: faili likiharibika Januari, ukaja kugundua Aprili, nakala za siku saba zote ni za faili bovu.

Kaka wa Mikocheni
Mbona mnajitesa? Weka Google Drive, maisha yaendelee.

Babu Tekno
Picha za watoto gigabaiti mia tatu kwa bando la wiki? Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika hata barua pepe zilikuwa hazifunguki. Halafu folda iliyounganishwa na mtandao, ukifuta huku na kule inafutika, inakaa kwenye pipa siku 30 basi.

Kaka wa Mikocheni
Mwizi akibeba kompyuta pamoja na diski yako ya nje, mimi picha zangu zipo. Zako ziko wapi?

Babu Tekno
Diski ya pili iko kwa dada yangu Morogoro, tunabadilishana kila nikienda. Hapo nakukubalia nusu, nakala moja lazima ilale nje ya nyumba.

Jirani wa Mgao
Kuna jambo mmelisahau: umeme. Cron ya saa nane usiku haifanyi chochote kompyuta ikiwa imezimwa, na haikumbuki deni. Kwenye Linux tumia anacron, au timer ya systemd yenye Persistent=true, hizo zinafidia kazi iliyopitwa. Kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, kuna kisanduku cha kuendesha kazi iliyokosa muda wake, kitie tiki. LUKU ikiisha usiku, asubuhi ukiwasha inaanza yenyewe.

Pengwini wa Arusha
Naongezea kwa faida ya wote. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni kubwa inayohifadhi programu za watu, ilifuta data yake yenyewe kwa bahati mbaya. Walipoenda kwenye bakapu za kila siku wakakuta zilikuwa hazifanyiki, toleo la programu ya kunakili halikuendana na la hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Walirudi kwenye nakala ya saa sita nyuma ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono. Kwa hiyo hata tahadhari ijaribuni. Na Fundi, ule mstari wangu usiunakiliwe bila tar. Nimekuelewa.

Fundi Nyakato
Pamoja mkuu.

Mwana wa Kigamboni (mleta mada)
Asanteni sana wakuu, na pole dada Mhazini. Nimeanza na rsync na --link-dest kwa kuwa nilisoma kwamba faili lisilobadilika halichukui nafasi mara mbili. Mbona diski imejaa hivyo hivyo? Mfumo wake wa faili ni exFAT, kama nilivyoinunua.

Fundi Nyakato
Ndiyo sababu. Ile --link-dest inategemea hard link, yaani faili moja kuwa na majina mawili bila kunakiliwa, na exFAT haina. Kila usiku umekuwa unanakili kila kitu upya. Ibadilishe kuwa ext4 kama uko Linux.

Mwana wa Kigamboni (mleta mada)
Nikibadilisha, vilivyomo vinafutika?

Fundi Nyakato
Vyote. Azima diski nyingine leo, hamishia, fungua picha tatu nne na hati ya kiwanja uone zinafunguka kweli, ndipo uiguse hiyo.