Kushusha bei hakujawahi kuokoa laini ndogo Kenya, tubishane

Wadau, kila laini ndogo, yaani kampuni ndogo ya simu, ikisuasua tunaambiwa dawa ni kushusha bei. Mimi nakataa kabisa.

Kumbukeni 2010. Zain, ambayo sasa ni Airtel, ilishusha kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, Safaricom nayo ikateremsha, tukaongea mpaka simu zikachemka masikioni. Nani aliumia? Wadogo. 2014 laini ya yuMobile ikafunga virago, wateja wakaenda Airtel, minara ikachukuliwa na Safaricom. 2016 Orange nao wakatoka kule Telkom, wakawauzia wawekezaji wa Helios. 2019 ikatangazwa Telkom inaungana na Airtel, 2020 ikavunjika. 2022 serikali ikatoa shilingi bilioni 6.09 kununua hisa za Helios, na mwaka uliofuata tu minara ya Telkom ikawa inazimwa juu ya deni, watu wanakaa bila netiweki.

Shida iko kwa pesa za simu jamani. Tangu M-Pesa ya Safaricom ianze 2007 namba yako ndio benki yako, kodi ya nyumba huko, karo huko, chama huko, mama mboga huko. Mimi nina laini ya pili, bando zake ni nafuu na naipenda, lakini mtu akiniuliza "nikutumie kwa gani" natoa ile nyingine bila hata kufikiria. Sasa mwenye hii ya pili anapata nini kwangu, kredo ya mbao (shilingi ishirini) kwa wiki, na hiyo mbao ilipe minara, dizeli, wafanyikazi na leseni?

Najua mtasema tangu 2018 tunatumiana pesa kutoka laini moja hadi nyingine. Sawa, lakini nenda kijijini utafute wakala wa T-kash, pesa za simu za Telkom, uzitoe. Wakala waliruhusiwa kuhudumia laini zote tangu 2014, lakini kila laini inataka floti yake, yaani pesa wakala anaweka kando ya kuhudumia wateja, na nani atafungia elfu ishirini kwa floti ya wateja wawili kwa siku? Hata kuhama na namba kuko tangu 2011, wangapi mnawajua walihama? Ukihama M-Pesa inabaki nyuma.

Kwa hivyo mimi nasema floti iwe moja, wakala atoe pesa ya laini yoyote, na Benki Kuu na CA, mamlaka ya mawasiliano, walazimishe hilo kabla serikali haijamwaga shilingi nyingine ya mlipa ushuru. Wewe unayesema Telkom iendelee kushikiliwa na serikali, niambie mteja atatoka wapi.