Naomba ushauri: mdogo wangu ana miaka 31, mama aliyekuwa akimfanyia kila kitu hayupo tena

dadamkubwa_moro

Habari za jioni wanajamvi. Mnivumilie, ni refu kidogo.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 31. Alipokuwa mdogo huko Kilosa alipata malaria ikampanda kichwani, degedege likamshika usiku kucha. Tangu hapo akili haikukua kama ya wenzake, na kifafa kikabaki. Anaongea maneno machache, taratibu. Anatania, anajua nyimbo za kwaya mwanzo mwisho, majina ya watu anayakumbuka kuliko mimi. Ila shati la vifungo limemshinda, haogi mwenyewe, hela hazijui. Mama alimfanyia kila kitu mpaka alipofariki mwaka jana. Tulipomaliza arobaini nikamchukua, nakaa naye hapa Kihonda, Morogoro.

Mume wangu hana neno, kampokea vizuri. Ila ni dereva wa lori, akishika njia ya Tunduma hatujui anarudi lini, na yeye ndiye anayemuogesha. Akiwa safarini inabaki kwangu, na mdogo wangu ananionea aibu. Anageukia ukutani, anakataa maji. Simlaumu, ni mwanaume mzima yule. Siku nyingine analala hivyo hivyo.

La pili ni dada wa kazi. Mwanzo walielewana sana. Siku alipomwona kaanguka na povu linamtoka, mambo yakabadilika: sahani yake ikatengwa, kikombe kikatengwa, nguo zake hazigusi. Anasema povu linaambukiza. Nikimbana ataondoka, na mimi nina mtoto wa miaka mitatu na duka la nafaka sokoni.

La tatu ndilo linaninyima usingizi. Nikiwa dukani yeye anatoka, anaenda kijiwe cha bodaboda pale barabarani. Wanampenda, lakini mapenzi yao ni ya kumchezesha wamcheke, na juzi karudi ananuka pombe. Jirani ananiambia nipige kufuli mpaka nirudi, eti hata mama alikuwa anamfungia. Ni kweli, mama akienda shamba alikuwa anamfungia.

Sasa nimfungie au nisimfungie? Na kuoga anaweza kufundishika kwa umri huu, au muda umeshapita? Nawasilisha.

mlandege_02

Pole sana dada. Naweka kiti hapa, nina shangazi wa hivyo hivyo.

Kamanda wa Zamani

Degedege la usiku kucha si bure hilo. Kuna mkono wa mtu. Mpelekeni kwa wataalamu wa asili au kwenye maombi, akifunguliwa ataoga mwenyewe bila kufundishwa.

nesi_mstaafu

Kamanda, kaa pembeni kwanza. Malaria ikifika kwenye ubongo wa mtoto inaweza kumwacha na kifafa na kuchelewa kwa akili. Nimewauguza wengi. Wengine walicheleweshwa nyumbani kwa maneno kama haya yako.

Dada mkubwa, kabla sijasema chochote: anatumia dawa gani, na anameza saa ngapi?

dadamkubwa_moro

Asante mama. Fenobabitoni, usiku. Namhesabia mwenyewe. Wakati mwingine kituoni hazipo, nanunua duka la dawa. Kaka yetu mkubwa anasema nimwachishe, eti ndizo zinazomfanya asinzie asubuhi na kuwa mzito.

nesi_mstaafu

Usithubutu. Ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeanza, na hapo ndipo mtu anapotea. Kweli fenobabitoni inasinziza. Kama uzito wa asubuhi umezidi, mrudishe kliniki wapime kipimo chake au wambadilishie dawa polepole, wao ndio waamue. Nunua za akiba kabla kopo halijabaki na za siku mbili tatu.

Na hiyo pombe ndiyo imenishtua kuliko yote uliyoandika. Pombe inalaza ubongo, fenobabitoni inalaza ubongo. Zikikutana, mtu anaweza kulala na pumzi ikafifia. Halafu kesho yake, pombe ikimtoka, kifafa ndipo kinapata nafasi. Hao vijana wa kijiweni hawajui wanachocheza nacho. Waambie kwa maneno hayo hayo, usiwaambie tu "msimpe pombe, ni dhambi".

Akianguka: mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, sogeza vitu vigumu, mwache. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize, msimnyweshe maji. Angalia saa. Zikipita dakika 5 hajaacha, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri wa hospitali. Mfundishe dada wa kazi haya mbele yako, afanye kwa mikono yake. Hofu kubwa inatokana na kutojua la kufanya.

Mpogoro Halisi

Hapo kwenye sahani nina la kusema. Mimi kwetu ni Mahenge. Anayejua habari za kifafa Tanzania hii anajua Mahenge. Kule ni kingi mpaka wataalamu wamekuwa wakija kukichunguza, na siku hizi wanakihusisha na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito. Kuna daktari mmoja mama wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kliniki ikasimama.

Nimekua nikiona watu wazima wanakulia nyuma ya nyumba, na sahani zao. Mtu akiangukia motoni wengine wanaogopa kumvuta kwa sababu ya lile povu. Watu wana makovu mpaka leo kwa ajili hiyo. Povu ni mate tu, ndugu zangu. Mtu kakaza meno hawezi kumeza, mate yanachanganyika na hewa. Halimwambukizi yeyote.

Dada wa kazi usimgombeze. Mchukue muende wote kliniki siku ya dawa, amuulize daktari kwa mdomo wake. Mkirudi, wewe uwe wa kwanza kula sahani moja na mdogo wako mbele yake, na mtoto wako pia. Hotuba haitamsaidia.

bi_mkora

Mimi nasema mfungie. Mtanitukana lakini naongea kilichonikuta. Baba yetu mdogo alikuwa wa hivyo, tulikuwa tunamwacha huru kwa sababu "mtu mzima ana haki". Akatoka asubuhi moja, mpaka leo hatujamwona. Haki bila mtu wa kumwangalia ni maneno ya mitandaoni.

tanga_kwetu

Bi mkora pole sana, hilo jambo zito. Lakini fikiria kufuli lenyewe. Mtu mwenye kifafa, ndani peke yake, mlango umefungwa kwa nje, jirani akasikia kishindo. Anaingilia wapi? Au moto ukishika. Na mtu aliyezoea kufungiwa, siku mlango ukiachwa wazi ndipo anakimbia mbali, maana hajui njia ya kurudi. Wa kwetu anatoka kila siku, na mtaa mzima unamjua.

Mimi naishi na kaka yangu, ana miaka arobaini na kitu, mtindio wa ubongo. Wazazi wote hawapo. Kwa hiyo la kuoga naweza kulisemea.

Kwanza, dada, wewe toka bafuni. Weka pazia, simama upande wa pili, umwongoze kwa sauti. Au tafuta mwanaume wa kumwanzisha: mpwa, shemeji, hata jirani mliyezoeana naye miaka, awe wa kuaminika kweli na mlango usifungwe. Mume akiwepo asimuogeshe tena. Aoge naye, kila mtu na ndoo yake, mmoja anaangalia mwenzake.

Pili, kazi igawe vipande na uifundishe kutoka mwisho. Mfanyie yote, mwachie kipande cha mwisho tu, kujifuta na taulo. Anamaliza mwenyewe, anasifiwa, anatoka kama bwana harusi. Akishakizoea, mwachie na cha kabla yake, kujimwagia maji ya kusuuza. Halafu kujisugua miguu. Unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka ufike kwenye kuvua nguo. Ukianzia mwanzo anachoka katikati, na anajiona kila siku ameshindwa. Kaka yangu ilichukua miezi, nisikudanganye, na mgongo mpaka leo hausugui vizuri. Lakini mgongo wenyewe nani anaufikia?

Vitu: sabuni iingize ndani ya dodoki au soksi ufunge fundo, haiponyoki. Kila kitu kikae pale pale kila siku, ndoo kushoto, kopo juu yake. Saa ile ile. Vifungo achana navyo, nunua fulana na suruali za mpira kiunoni. Ndevu mpeleke kinyozi wa mashine kama wanaume wengine, wembe nyumbani wa nini.

nesi_mstaafu

Tanga kwetu umemaliza. Naongezea ya kifafa tu. Aoge amekaa kwenye kiti cha plastiki, asisimame kwenye saruji yenye povu. Maji nusu ndoo, achote kwa kopo. Mlango usiwe na komeo la ndani, pazia linatosha. Jikoni anaweza kuchambua mboga, kukanda unga, kuosha vyombo, ila asikae peke yake na jiko la mkaa lililo chini. Kitanda kiwe kifupi. Kama kuna kisima, kiwe na mfuniko wa kufunga.

Halafu tuache kumwita mtoto. Ana miaka 31. Mwambie wazi sehemu zake za siri anasugua yeye, na mtu yeyote akimshika huko akuambie. Watu wa namna hii wanaonewa sana, na ndugu wanakuwa wa mwisho kujua.

Kamanda wa Zamani

Basi nimekubali la hospitali. Ila maombi hayadhuru.

nesi_mstaafu

Hayadhuru, akiwa na vidonge vyake mfukoni.

boda_wa_msamvu

Mimi ni boda, si kijiwe hicho ila tunafanana. Usiende kugomba pale, watamficha tu. Muulizie mwenyekiti wa kijiwe, kila kijiwe kina kiongozi. Nenda muda wa asubuhi wamechangamka, peleka hata chai. Mwambie, "Huyu ni mdogo wangu, ana kifafa, pombe itamuua, nakukabidhi." Ukimkabidhi mtu mzima mbele za wenzake, inakuwa aibu yake likitokea jambo. Mwachie na namba yako. Sisi tuna mzee mmoja wa hivi, akizidisha saa kumi jioni kuna mtu anampakia anamrudisha, bure.

dadamkubwa_moro

Jamani, nimesoma kila neno. Bi mkora, nimelia na wewe.

Boda, kwa mwenyekiti nimeenda na chapati. Kumbe ni mtu wa Kilosa, anamjua hata marehemu mama. Alimwita kijana aliyempa pombe akamwambia mbele yangu, sitaki kuyaandika aliyomwambia.

Dada wa kazi kliniki kaenda. Bado anaosha ile sahani mara mbili, lakini imerudi kwenye kabati na nyingine. Nguo bado. Nafua mimi.

Kuoga tuko kwenye taulo na kusuuza. Ananiambia "toka" kwa sauti kubwa, natoka.

Na jambo ambalo sikulitegemea: nimeanza kwenda naye dukani. Nilimpa sinia la maharage achambue mawe ili asizurure tu. Wakuu, anachambua kuliko mimi, hana haraka, hakuna jiwe linalompita. Wateja wengine wanauliza "yale ya kaka yako yapo?" Kuna mmoja anasema namtumikisha mlemavu. Hili nalo nataka mawazo yenu, nimlipe? Hela hazijui.

Halafu kaka yetu mkubwa anataka kuuza shamba la mama, anasema "huyo shamba la nini". Hilo ndilo linanichanganya sasa.

tanga_kwetu

Mlipe. Kidogo, kila Jumamosi, mkononi mwake, aende nayo kununua soda mwenyewe. Hela ataijua kwa kuitumia. Kaka yangu anajua noti mbili tu, ya soda na ya kinyozi, zinamtosha.

bi_mkora

Kufuli nimelirudisha nyuma. Lakini mshonee namba ya simu ndani ya fulana, na mwandikishe ofisi ya mtaa. Fanya hivyo wiki hii.

hakimu_mstaafu_mtarajiwa

Hilo la shamba lisikulaze macho. Kama mama hakuacha wosia, hakuna anayeuza kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa na mahakama, na mdogo wako ni mrithi kama nyie wengine. Ulemavu haumwondoi kwenye orodha. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na alikokuwa anaishi mama. Beba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina ya warithi wote, lake likiwemo. Kikao kikikaa, uwepo, naye awepo, na usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Kaka akiwahi kuomba usimamizi peke yake, una haki ya kuweka pingamizi. Ukimtaka mtu wa kukushika mkono, anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ushauri wake ni bure. Muulize hapo hapo na kuhusu mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 2 ni za watu wenye ulemavu, na duka la nafaka lenye mchambuaji kama huyo linaweza kuandikiwa maombi.

dadamkubwa_moro

Kikao cha ukoo ni Jumapili ijayo, Kilosa. Cheti ninacho. Naenda naye.

mlandege_02

Soksi ya sabuni nimeijaribu kwa shangazi. Inafanya kazi, ila tumia ya pamba, ya nailoni inateleza.