Re: PPF kwenye gari jipya, lote au mbele tu?

Wadau salama? Wiki ijayo nachukua gari, jipya kabisa, jeusi (najua, msinicheke). Kila siku niko haiwei nyuma ya malori na kokoto zinarushwa balaa. Muuzaji ananing'ang'aniza seramiki eti inakinga kila kitu, jamaa kazini ananiambia funika gari lote PPF, ile plastiki ya kukinga rangi. Ni kitu kimoja au nachezewa akili?

---

Hongera kaka. Sio kitu kimoja na huyo muuzaji anakupiga kamba. Seramiki ni dawa ya maji inapakwa, ikikauka inaacha utando mwembamba sana, maji yanateleza na kuosha kunakuwa rahisi, ila kokoto ikija na spidi yake inapita kama hamna kitu. PPF ni plastiki kweli, poliyurethani, unene kama maikroni 150 hadi 200 hivi, ndo inakula kipigo badala ya rangi. Zile nzuri tabaka la juu linajiponya, mikwaruzo midogo ya kuoshea ukimwagia maji ya moto au ukiacha juani inapotea, lakini mtu akikuchora na funguo mpaka ikachanika hapo hamna muujiza. Ukipewa bei ya kutupa uliza ni plastiki gani, kuna za PVC zinapitishwa kwa jina hilohilo, zinakuja kukakamaa na kuwa njano.

Mi ningefunika mbele tu: boneti, bampa, madigadi za mbele, vioo vya pembeni, taa. Milango haipigwi sana. Ila boneti iwe NZIMA, gari yangu ya kwanza nilibana hela nikafunika nusu, ule mstari katikati ukawa unashika uchafu kila wiki nausugua na mswaki kama mjinga.

Halafu usihangaike na jina la plastiki kuliko fundi. Muulize anakata vipi, kuna anayekata na mashine kwa kipimo cha modeli yako na kuna anayekata na wembe juu ya gari lenyewe, mkono ukizidi kidogo tu rangi imechorwa na hutajua mpaka siku unaibandua. Omba akuonyeshe gari alilofunika mwaka jana, sio la jana, na uangalie kingo kama zimeanza kunyanyuka.

---

Naongezea dada yenu. Kagua kama kuna sehemu imerudiwa rangi, hata gari jipya huwa linagongwa kwenye usafiri likapakwa kimyakimya. Rangi ya kurudia kama haikushika vizuri, siku plastiki inabanduliwa inaondoka nayo. Na waambie wauzaji wasilioshe wala kulipiga polishi kabla ya kukukabidhi, yale matambara yao ndo yanaanza kukwaruza.

---

Asanteni sana, basi mbele kwanza. Seramiki juu ya PPF inawezekana?

---

Inawezekana, watu wanafanya, ila seramiki ipake baada ya PPF kutulia. Wiki ya kwanza usioshe. Ukiona vimalengelenge vya maji au ukungu chini ya PPF usimpigie fundi usiku, vingi vinakauka vyenyewe ndani ya wiki chache, vikibaki ndo umrudie. Mashine ya presha usiilenge kwenye kingo, shika mbali. Kinyesi cha ndege futa mapema, hata PPF kinaiachia doa.

Na hilo jeusi, kwa vumbi tu, pole mapema 😂