Ukoo wa Ngamiani: Mwanaidi kahamia bandarini

*Kikundi cha familia, Jumamosi. Saa ni za simu ya Tanga. London wako nyuma saa mbili.*

[11:18] Mwanaidi: Assalam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Jana usiku tumemaliza kuhamisha vitu, alhamdulillah

[11:18] Mwanaidi: [picha 4]

[11:20] Mama Zaina: Waalaykum salaam mwanangu. MASHAALLAH MASHAALLAH. Isomee Ayatul Kursiyu hiyo nyumba kabla hujapanga makochi

[11:21] Hemedi: Dah dada Mwana umetoboa!! Maji yote hayo ya kwako?

[11:22] Mwanaidi: Ya kwangu kuyaangalia tu 😂 Hilo lilikuwa gati zamani hapa London, Royal Victoria Dock. Dirisha la sebuleni linatazama hukohuko

[11:23] Hemedi: Hapo Masaki ungelipa mpaka uuze figo

[11:31] Mjomba Athumani: Marahaba Mwanaidi. Hongera. Picha ya tatu nimeikuza. Hizo ni winchi za gatini. Ziko ngapi, na wanafanya kazi zamu ngapi kwa siku. Ndoano siioni. Mjomba wako.

[11:32] Mwanaidi: Hazifanyi kazi mjomba. Wameziacha pambo. Watu wanakuja kupiga picha hapo chini yake

[11:33] Mjomba Athumani: Pambo.

[11:33] Mjomba Athumani: Winchi?

[11:34] Hemedi: 😂😂😂 mjomba kaumia

[11:36] Mariamu: Naandika kwa niaba ya Bibi. Anauliza kama ni bandari, meli ziko wapi, na hao vijana wanaopakua wanakula wapi mchana

[11:37] Dada Rukia: Shikamoo Bibi. Ngoja nijibu mimi, huyo mwenzenu kalala usiku mmoja tu. Mimi niko Canning Town, mtaa wa jirani, tangu 1997

[11:41] Dada Rukia: Meli hazipo Bibi. Magati matatu makubwa ya hapa yalijengwa kwa zamu: hilo la Mwanaidi 1855, la Royal Albert 1880, la King George V 1921. Yalipakua nafaka, nyama, ndizi, tumbaku, kila kitu. Halafu yakaja makontena. Meli zikanenepa, zikawa hazipiti tena mtoni huku juu, zikahamia Tilbury karibu na bahari. Haya yakafungwa 1981. Nilipofika mimi ilikuwa maghala matupu na majani marefu. Jioni ulikuwa hupiti peke yako

[11:42] Hemedi: Kumbe kontena ndiyo mchawi

[11:44] Mjomba Athumani: Si mchawi. Kontena moja linashushwa na watu wachache kwa dakika chache. Mzigo uleule wa magunia ulikuwa kazi ya genge zima kutwa. Hata hapa makuli walipungua hivyohivyo. Lakini sisi bandari haikufungwa.

[11:45] Mjomba Athumani: Tena sasa wamechimba, kina kimetoka mita 3 hadi mita 13. Enzi zangu meli ilitia nanga kule nje na mzigo unaletwa na tishari. Leo meli inafunga gatini. Kwa hiyo Tanga tuna bandari, London wana pambo.

[11:45] Hemedi: MJOMBA 🙌🙌🙌

[11:46] Mama Zaina: Acheni mashindano. Mwanaidi, majirani wakoje? Umeshapeleka kitu?

[11:52] Mwanaidi: Mama mdogo usinikumbushe. Leo asubuhi nimekaanga kaimati, nikagawa kwenye visahani vitano. Mlango wa kwanza una kisanduku cha namba ukutani, kumbe ni nyumba ya wageni wa siku mbili tatu. Wa pili kengele yenyewe ndiyo iliyoongea, sauti ya mtu yuko kazini, ananiambia kama ni mzigo niache mapokezi. Nikashuka mapokezi. Wakasema vyakula hawapokei

[11:53] Hemedi: Umegeuzwa dereva wa bodaboda 😭

[11:54] Mwanaidi: Milango miwili hakuna mtu kabisa. Mwisho nikamkuta dada wa usafi, Mbrazili, kwenye korido. Kakaa kwenye ngazi tumekula wote. Sasa najua jina lake na la wanawe. Jirani sijamjua hata mmoja

[11:55] Mama Zaina: Huyo wa usafi ndiye jirani yako. Mpelekee tena Ijumaa

[11:57] Dada Rukia: Mwana waambie na mlango unaopita

[11:58] Mwanaidi: Dada jamani

[11:58] Dada Rukia: Waambie tu, hapa ni ndugu

[12:03] Mwanaidi: Sawa. Jengo letu lina milango miwili. Wa mbele una maua, makochi na kijana wa koti anayekufungulia. Huo ni wa walionunua kwa bei kamili. Sisi wa nyumba za nafuu tunaingia kwa nyuma, pembeni ya mapipa ya taka. Lifti ya upande wetu ina wiki mbili mbovu. Jana makochi yamepandishwa kwa ngazi mpaka ghorofa ya 8

[12:04] Hemedi: Subiri. Si umenunua?

[12:06] Mwanaidi: Nimenunua asilimia 30. Iliyobaki 70 nawalipa kodi. Halafu kuna sevisi chaji: bustani, taa, ulinzi, lifti. Hiyo hawakati kwa asilimia 30, nalipa yote

[12:06] Hemedi: Pamoja na lifti mbovu

[12:07] Mwanaidi: Pamoja na lifti mbovu

[12:09] Mjomba Athumani: Hati yako ya miaka mingapi. Huku ni 33, 66 au 99.

[12:10] Mwanaidi: 125 mjomba

[12:11] Hemedi: Mpangaji wa miaka 125 😂 hongera mama

[12:12] *Ujumbe huu umefutwa*

[12:12] Mama Zaina: Hemedi nimeuona kabla hujafuta

[12:20] Mwanaidi: [ujumbe wa sauti, 0:51]

[12:23] Mariamu: Bibi kasikiliza. Anasema hajasikia ulichosema hata neno, kuna ndege imepita ndani ya nyumba

[12:25] Mwanaidi: 😂 Bibi ni kweli. Kiwanja cha ndege wamekijenga katikati ya magati mawili, hayo mengine aliyoyataja dada. Kipo tangu 1987. Kuanzia alfajiri zinapanda na kushuka. Ila leo Jumamosi saa sita na nusu mchana ya huku zinanyamaza mpaka kesho muda kama huo. Ni amri. Nitampigia Bibi zikinyamaza

[12:27] Mariamu: Anauliza pia ile treni uliyoipiga picha, dereva kakaa wapi

[12:28] Dada Rukia: Haina dereva kwenye kibanda, Bibi. Inajiendesha. Nayo ya 1987. Yupo mtumishi mmoja anatembea ndani na kufunga milango. Watoto wanagombea kiti cha mbele kabisa wajifanye madereva

[12:29] Mariamu: Bibi kasema "hasbunallah"

[12:33] Hemedi: Dada Rukia swali la kibiashara. Aliyepata faida hapo nani? Maana ardhi ya magati ilikuwa ya bandari

[12:41] Dada Rukia: 1981 serikali iliunda shirika lake la kuendeleza eneo la magati, LDDC, ikalikabidhi ardhi na mamlaka ya mipango. Halmashauri za hapa zikawekwa kando. Likavunjwa 1998. Canary Wharf, mtaa wa mabenki unaouona kwenye taarifa za habari, ndiyo matunda yake. Jina lenyewe linatokana na visiwa vya Canary, matunda ya huko yalikuwa yakishukia hapo. Jengo refu lenye kilele cha piramidi lilimalizika 1991, mita 235. Mwaka uliofuata kampuni iliyojenga ikafilisika. Mabenki yakaja baadaye. Ni ardhi ya watu binafsi na ina walinzi wake, barabara safi kama sahani. Mimi nilifanya usafi huko miaka minne, zamu ya usiku. Kwa hiyo ndiyo, kazi zilikuja. Lakini wanaume waliokuwa wakibeba magunia hawakuajiriwa kusoma hisa

[12:42] Hemedi: Umemaliza dada

[12:46] Dada Rukia: Jirani yangu wa zamani, mzee wa Kiingereza, marehemu sasa, alikuwa kuli wa hapa na baba yake pia kuli. Aliniambia asubuhi walisimama getini kama ng'ombe wa mnada, msimamizi anapita anachagua: wewe, wewe, wewe. Usipochaguliwa unarudi nyumbani mikono mitupu. Utaratibu huo ulikomeshwa 1967. Miaka 14 baadaye geti lenyewe likafungwa

[12:52] Mjomba Athumani: Huyo mzee tungeelewana. Kibarua cha siku ndivyo kilivyo. Nilianza hivyo 1974 kabla sijapanda winchi. Unaamka saa kumi, unafika getini, na hujui utakula nini.

[12:54] Mjomba Athumani: Marobota ya mkonge tuliyokuwa tukipakia mengine yalipigwa rangi nyeusi LONDON. Kila siku naliona hilo jina na sijui ni mahali gani. Leo mtoto wa dada yangu analala kwenye gati lenyewe.

[12:55] Mama Zaina: Kaka usitulize

[12:58] Dada Rukia: Na si mkonge tu mjomba. Upande wa mjini kuna St Katharine Docks, pale kuna jengo linaitwa Ivory House. Lilikuwa ghala la pembe za ndovu. Pembe za Unguja ziliuzwa sana London hii. Sasa ni nyumba za watu na mikahawa, boti za matajiri zimefungwa mbele. Kahawa ya pale nilikunywa mara moja, sirudii

[13:05] Mwanaidi: Mjomba hujauliza watu wanafanya nini na maji

[13:06] Mjomba Athumani: Wanavua?

[13:07] Mwanaidi: Wanaogelea. Wanalipa. Wanavaa nguo za mpira mwili mzima, wanazunguka maboya. Nawaona kutoka hapa nikinywa chai

[13:09] Mjomba Athumani: Sisi tuliwafukuza watoto gatini kwa fimbo.

[13:09] Hemedi: Mjomba ulikuwa unafukuza wateja 😂😂

[13:15] Mama Zaina: Sasa Mwanaidi mwanangu sema kweli. Unapapenda au unajikaza?

[13:24] Mwanaidi: Napapenda mama mdogo. Wallahi. Kule tulikotoka ukifungua dirisha unaona ukuta wa jirani, na mtoto anakohoa kwa ukungu. Hapa kuna mwanga. Kutoka stesheni ya hapa, Custom House, mpaka Canary Wharf ni kituo kimoja kwa ile reli mpya ya 2022, zamu ya hospitali siamki tena saa tisa usiku. Jioni maji yanatulia, taa zinaingia humo, nakaa tu. Ila pamekaa kama hoteli. Hakuna genge. Nyanya moja ukitaka unaingia supamaketi. Hakuna mtu anayemuita mwanawe kwa sauti. Nimeishi siku moja na tayari nanong'ona

[13:26] Dada Rukia: Njoo kwangu Canning Town utapiga kelele. Na sokoni Queens Road, Upton Park, utapata mihogo na bamia. Usijifungie humo

[13:28] Mwanaidi: Kuna kitu kimoja sikielewi. Kuna harufu. Upepo ukigeuka inanuka kama sukari iliyoungua

[13:29] Dada Rukia: Hicho ni kiwanda cha Tate & Lyle, Silvertown. Kipo tangu 1878 na bado kinasafisha sukari ya miwa. Meli zinaleta sukari ghafi mpaka pale

[13:30] Mjomba Athumani: Meli?

[13:30] Mjomba Athumani: Rukia umesema meli.

[13:32] Dada Rukia: Ndiyo mjomba. Haziingii magatini, zinafunga mtoni, kwenye gati la kiwanda

[13:33] Mjomba Athumani: Kumbe mmenizungusha saa mbili na winchi za harusi wakati meli ipo. Mwanaidi nataka picha.

[13:34] Mwanaidi: Mjomba kiwanda kina uzio, siingii

[13:36] Dada Rukia: Usiingie. Panda basi mpaka North Woolwich, ingia kivuko. Ukifika katikati ya mto tazama upande wa juu, utakiona kiwanda na kama kuna meli utaiona. Nauli hakuna, ni bure tangu 1889

[13:37] Hemedi: Bure??? Na magari? Kigamboni tunalipa mpaka na kuku

[13:38] Dada Rukia: Na magari. Ila handaki jipya la Silvertown chini ya mto huohuo wanatoza tangu Aprili 2025. Ndiyo maana foleni ya kivuko haiishi

[13:40] Mama Zaina: Mtoto wa watu kahama jana, mnamtuma mtoni

[13:41] Mwanaidi: Acha niende mama mdogo, na mwanangu Salha anataka kutoka. Hata hivyo ngazi za ghorofa 8 ndiyo mazoezi yangu siku hizi

[14:31] Mwanaidi: Mmesikia? Hamsikii kitu. Ndege zimenyamaza. Tuko kwenye foleni ya kivuko

[14:33] Mariamu: Bibi kalala. Babu Athumani kahamia barazani na miwani yake, kaniazima chaja

[14:52] Mwanaidi: IPO MJOMBA

[14:53] Mwanaidi: [picha 3]

[14:58] Mjomba Athumani: Ya kwanza umekata tezi, nyuma ya meli. Ya pili nzuri. Rangi nyekundu ya chini imetoka sana juu ya maji, kwa hiyo imeshashusha zaidi ya nusu. Omo, mbele yake, imeinuka kuliko tezi, wameanza kutoa matumbo ya mbele. Mzigo wa kichele, hakuna gunia. Winchi inageuka?

[14:59] Mwanaidi: Inageuka mjomba. Ile kucha ya chuma inashuka, inapanda imejaa

[14:59] Mjomba Athumani: Piga video. Usikate.

[15:00] Mwanaidi: Kivuko kimeshafika ng'ambo, wanatushusha

[15:00] Mjomba Athumani: Si bure? Rudi nacho.

[15:17] Mwanaidi: [video, 1:58]

[15:24] Mjomba Athumani: Huyo wa winchi ana haraka. Anamwaga.