Mjadala: Mbwa wa mtaani wauawe au wachanjwe?

Wakuu habari za saa hizi. Kwenye grupu la mtaa wetu watu wamegawanyika vibaya tangu mtoto mmoja aumwe na mbwa pale karibu na bucha, mbwa mwenyewe hajulikani ni wa nani. Upande mmoja unataka mwenyekiti aandike barua halmashauri walete watu wa bunduki wapige kila mbwa atakayekutwa barabarani, wengine wanasema tusisubiri hata barua, tutege nyama yenye sumu usiku tumalizane nao. Upande wa pili, na mimi nimo, tunasema aletwe bwana mifugo na chanjo ya kichaa cha mbwa, mbwa wote wachomwe sindano. Naleta huku tujadili maana najua hii sio ya mtaa wetu peke yake.

Kabla ya mabishano niseme moja la haraka, kwa sababu mama wa yule mtoto alipoomba ushauri kwenye grupu yalimiminika mambo ya kutisha, huyu anamwambia paka mafuta ya taa, huyu bandika jiwe la nyoka, huyu twanga kitunguu saumu na pilipili. Jamani hapana. Mtu akiumwa na mbwa, au hata akikwaruzwa tu na kucha au kulambwa kwenye kidonda, shika sabuni, ya kufulia au ya kuogea yoyote ile, osha pale kwa maji yanayotiririka dakika 15 nzima, tazama saa kabisa usikadirie. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina ganda la mafuta na sabuni inalivunja. Halafu siku hiyo hiyo nenda hospitali ukaanze chanjo, ratiba iliyozoeleka inahesabu siku unayoanza kuwa sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na kuna ratiba fupi zaidi za kuchoma ndani ya ngozi, utafuata utakayopangiwa pale na usikatishe mwenyewe. Kirusi kinatembea taratibu kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, mara nyingi kinachukua miezi miwili mitatu, ndo maana watu wanaona kidonda kimepona wanasahau. Dalili zikishaanza, mgonjwa anaogopa maji, anababaika, hapo karibu kila mtu anafariki na hakuna dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo ushauri wa mafuta ya taa unaua, sio utani.

Sasa tuje kwenye kuua mbwa. Hoja kubwa ya wenzetu ni "binadamu kwanza", na mi nakubaliana nayo asilimia mia, ndo sababu sitaki sumu. Hebu angalieni kilichotokea kwetu. Mbwa aliyeng'ata vijana walimkimbiza wakampiga mawe akafa, wakamtupa jalalani. Kama angefungwa mahali salama akaangaliwa siku 10 ingejulikana, maana mbwa anayeambukiza kichaa kwa mate ndani ya hizo siku anaugua na kufa, akifika siku ya 10 mzima anakula basi hakuwa na kichaa alipong'ata na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Au akifa, kichwa kinapelekwa maabara kupimwa. Sasa hatuna mbwa, hatuna kipimo, mama anakamilisha dozi zote kwa hela ya mkopo kwa sababu hamna namna nyingine. Mbwa anayeonyesha dalili kweli, anatokwa mate, anang'ata kila kitu hadi mawe, anapepesuka, huyo sibishani, bwana mifugo aje amuondoe, lakini huwezi kumhukumu kila mbwa kwa ajili ya huyo.

Jambo la pili watu hawalitaki kusikia: hawa tunaowaita mbwa koko wengi wana wenyewe. Wanafunguliwa usiku walinde, asubuhi wanazurura kutafuta chakula, jioni wanarudi nyumbani. Sumu haichagui, inaanza na yule mzoefu wa watu aliyechanjwa, inaenda kwa paka, inaenda kwa kuku, na mtoto akiokota ile nyama je? Na wenye mbwa wakisikia bunduki zinakuja wanachofanya ni kuwaficha ndani au kuwahamishia kwa shemeji yao wilaya nyingine, ugonjwa kama upo unasafiri nao. Huko Indonesia kisiwa cha Flores kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997, wakaua mbwa kwa wingi sana, na ugonjwa haukuondoka. Ukiwatoa mbwa 50 na jalala la bucha bado linatapika utumbo na mifupa kila siku, waliobaki wanazaa na wa mitaa ya jirani wanakuja, tena hawa wapya hata mmoja hana kinga.

Chanjo ndo inafanya kazi na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Pemba walichanja mbwa mwaka hadi mwaka hadi kichaa kikaisha kisiwani mwaka 2014, kikaingia tena 2016, wakachanja tena kikaisha 2018. Pemba wakuu, sehemu ambayo watu wengi ni Waislamu na mbwa hawafugwi ndani, mtu asije kuniambia eti kwa sababu ya dini haiwezekani. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 7 katika kila 10, hapo kirusi kinakosa pa kurukia hata kama hao watatu wamekwepa. Na inabidi irudiwe kila mwaka kwa sababu mbwa wa huku hawaishi muda mrefu, watoto wanazaliwa kila siku, kampeni moja ya picha na viongozi kila Septemba 28 siku ya kichaa cha mbwa duniani halafu kimya miaka mitatu haisaidii kitu.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu.

Mkuu uliyeuliza hela itoke wapi, swali zuri. Piga hesabu ya mtu mmoja aliyeng'atwa, dozi zake zote, nauli za kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea, halafu linganisha na sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Hata mtaa ukichanga wenyewe bado ni nafuu kuliko kuendelea kutibu kila anayeng'atwa, ingawa mi nasimamia kwamba chanjo ya mbwa iwe bure, ukiweka hata buku mbili watu hawaji na ile saba kwa kumi hamuifikii.

Dada uliyesema mbwa wao hakamatiki, ni kweli na ndo kazi ngumu kuliko zote. Tangazeni mapema msikitini, kanisani na shuleni, maana wanaowajua mbwa ni watoto, wao ndo wanawaita kwa majina na kuwafunga kamba. Kituo kiwe karibu, watu hawatembei kilomita tano wakivutana na mbwa. Na watoto wa mbwa nao waletwe! Huu uvumi kwamba chini ya miezi mitatu hachanjwi umefanya kaya nyingi ziache wadogo nyumbani, wakati kwenye kampeni hata wao wanatakiwa kuchomwa, kisha warudiwe awamu inayofuata.

Na kaka uliyesema wafugaji wazembe wapigwe faini, hapo nipo na wewe kabisa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, mnyama wako ni jukumu lako, sio unafuga watano huwalishi unawaachia mtaa. Ila faini ianze baada ya chanjo kupita, ukianza nayo watu watawakana mbwa wao mchana kweupe na hatutajua nani wa kumuuliza.

Kikao cha mtaa ni Jumamosi. Nitasimama kuomba vitu vitatu, bwana mifugo apewe tarehe ya kuchanja, mwenye bucha afunike pipa lake, na atajwe mtu wa kupigiwa simu mbwa aking'ata ili afungwe aangaliwe badala ya kupigwa mawe. Wa upande wa sumu leteni hoja zenu hapa kabla ya siku hiyo, hasa mniambie mahali mlipoona kuua mbwa kumemaliza kichaa na kikabaki kimeisha, mi nimetafuta sijapata.