Fizikia na kompyuta katika shahada moja: vyuo vyetu vihimize au viache?

Mzazi, Kondele
Jamani, nisaidieni kabla dirisha la KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, halijafungwa. Binti yangu amepata A ya fizikia na A ya hesabu, na hataki kuacha lolote kati ya fizikia na kompyuta. Babake mdogo anamkumbusha kila jioni kwamba mshika mbili moja humponyoka. Swali langu si la nyumba yangu pekee: vyuo vya umma vya huku kwetu, Maseno, Masinde Muliro hadi Egerton, vihimize vijana kuchanganya hivi, au ni kuwapa tu jina refu kwenye cheti?

Mwenye saiba, Kakamega
Jina refu. Mpwa wangu alimaliza kozi ya aina hiyo, chuo sikitaji. Kwenye usaili wa programu akaulizwa tofauti ya foleni na rundo katika kupanga data, akabaki kutoa macho. Akageukia ualimu, akakuta TSC, tume inayoajiri walimu, inataka masomo mawili ya kufundishia na mafunzo ya ualimu juu yake. Ikabidi arudi darasani kutafuta diploma ya uzamili.

Fundi wa visima, Naivasha
Pole kwa mpwa wako, lakini njoo huku Olkaria, ambako umeme wa mvuke unaotoka ardhini umezalishwa tangu 1981. Tunachouliza kila siku ni hiki: tukitoa mvuke hapa na kurudisha maji pale, joto na shinikizo huko chini vitakuwaje miaka thelathini ijayo? Hakuna wa kuteremka akachungulie. Unaugawa mwamba ndani ya kompyuta kama ukuta wa matofali, kila tofali na joto lake na shinikizo lake, halafu programu inahesabu kinachopita kutoka tofali moja hadi jingine. Anayejua kompyuta tu atakuletea mchoro wa rangi nzuri unaoonyesha joto likitoka penye baridi kwenda penye moto, wala asishtuke. Anayejua fizikia tu atashtuka, lakini hawezi kufungua programu aone kosa liko wapi. Mtu mwenye vyote viwili tunamtafuta kwa tochi.

Hata Nobel ya fizikia ya 2024 ilikwenda kwa John Hopfield na Geoffrey Hinton, kwa kazi ya mashine zinazojifunza.

Mwenye saiba, Kakamega
Na Hinton alisomea saikolojia! Mfano wako umekugeuka, bwana. Halafu Olkaria ni moja, vijana ni wangapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Njoro
Mnapigania cheti, ilhali vita viko kwenye ratiba. Miaka miwili ya kwanza haina shida: kalkulasi, aljebra ya mstari na takwimu zinalisha pande zote mbili. Mwaka wa tatu ndipo njia zinaachana. Huku kuna sumakuumeme na fizikia ya kwanta, kule kuna mifumo endeshi na hifadhidata, na maabara zinagongana Jumatano mchana. Wanaong'ang'ania zote ndio tunaokutana nao kwenye mitihani ya kurudia. (Nilikuwa mmoja wao, muhula mmoja.)

Mama, ningekuwa yeye ningejisajili fizikia kamili, kisha nichukue upande wa pili yuniti tatu tu: kupanga data, algoriti, na mbinu za kukokotoa kwa namba. Kutengeneza tovuti atajifunza likizoni kwa simu na bando. Sumakuumeme sijaona mtu akijifundisha peke yake jioni.

Mwenye saiba, Kakamega
Hapo kwa yuniti tatu nakubali. Na kupanga data iwe ya kwanza, tafadhali.

Mzazi, Kondele
Nimemsomea yote. Babake mdogo amenyamaza, jambo ambalo si dogo. Yeye mwenyewe anauliza mawili: akianza fizikia akajuta, kuhamia kompyuta kunawezekana hadi lini? Na ndugu wa Naivasha, huko kwenu mnapokea wanafunzi wa atachimenti (mafunzo ya kazini) kuanzia mwaka wa ngapi?